Kila Karani na Daftari Lake: Jinsi Kompyuta Yenye Prosesa Nyingi Inavyojiandaa Kuanza Kazi

Mji wa Sumbawanga umejengwa juu ya uwanda wa Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, mahali palipoinuka kadiri ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kwa miaka mingi umeme wa mji huo uliletwa kutoka nchi jirani ya Zambia, kwa kuwa mkoa wa Rukwa ulikuwa mbali na njia kuu za umeme za taifa. Kila umeme unapokatika na kurudi, kompyuta isiyo na betri hupoteza yote yaliyokuwa katika kumbukumbu yake ya kazi, nayo hulazimika kuanza upya tangu mwanzo kabisa, kama mtu aliyeamshwa usingizini asikumbuke hata jina lake.

Aghalabu mashine huamka salama. Lakini huenda siku moja kioo kikabaki cheusi. Mwenye mashine huizima, huiwasha tena, nayo huamka kana kwamba hapakuwa na neno lolote. Hapo ndipo husikika maneno, nusu mzaha nusu kweli, kwamba mashine imerogwa.

Sababu za kioo cheusi ni nyingi, na baadhi yake ni za waya au diski tu. Makala haya yanaeleza jambo moja ambalo huanza na kumalizika kabla mtazamaji hajaona chochote kiooni, nalo ni namna kila prosesa inavyopewa mahali pake pa kuwekea hesabu zake. Jambo hilo likifanyika kwa utaratibu, hakuna anayelitambua. Likikosewa, mashine hukwama bila kusema neno, au hufanya kosa leo na kesho isilirudie.

Karani mmoja na makarani wanne

Rukwa ni mmoja wa mikoa ya nyanda za juu za kusini inayosifika kwa mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Tuchukue mfano wa ghala moja wakati wa mavuno. Wakulima wameleta magunia yao, mizani imewekwa mlangoni, na karani ameketi na daftari. Kila gunia linapoingia, karani husoma hesabu iliyoandikwa, huongeza moja, kisha huandika hesabu mpya. Karani akiwa mmoja, kazi hii haina matata, ila foleni ya wakulima ni ndefu.

Sasa tuweke mizani nne na makarani wanne, lakini daftari libaki moja. Karani wa kwanza anasoma 100. Kabla hajaandika 101, karani wa pili naye anatupa jicho daftarini na kusoma 100. Wa kwanza anaandika 101, na wa pili anaandika 101 juu yake. Magunia mawili yameingia, lakini hesabu imeongezeka moja tu. Hakuna aliyeiba, wala hakuna asiyejua kujumlisha. Hata hivyo gunia la mkulima mmoja limepotea katika maandishi. Ubaya zaidi ni kwamba kosa hili halitokei kila mara. Hutokea pale tu makarani wawili wanaposoma kwa wakati mmoja, na kwa hiyo anayekuja kukagua kesho huenda asilione kabisa.

Ziko dawa mbili. Ya kwanza ni kuweka kufuli, yaani anayetaka kuandika hulishika daftari peke yake mpaka amalize, na wengine hungoja. Hesabu zitakuwa sahihi, lakini makarani wanne watafanya kazi karibu sawa na mmoja, maana watatu kila wakati wamesimama. Dawa ya pili ni kumpa kila karani daftari lake. Kila mmoja huandika bila kumngoja mwenziwe, na jioni msimamizi hujumlisha madaftari manne. Dawa hii ya pili ndiyo hasa inayotumika ndani ya kompyuta kwa hesabu za namna hii.

Kutoka ghalani kuingia katika mashine

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, ya aina ya ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine ile ilikuwa kama ghala lenye karani mmoja: prosesa, yaani sehemu inayotekeleza amri za programu, ilikuwa moja. Leo hata simu inayouzwa katika duka dogo la Sumbawanga mara nyingi huwa na prosesa nane ndani ya kipande kimoja cha silikoni kisichozidi ukubwa wa ukucha.

Prosesa hizo zote huongozwa na programu moja iitwayo kiini cha mfumo wa uendeshaji. Kiini ndicho huamua ni programu ipi ipate zamu, kumbukumbu ipi apewe nani, na ujumbe utokao kwenye mtandao upelekwe wapi. Simu za Android hutumia kiini kiitwacho Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Toleo la 2.0 la Linux, lililotolewa mwaka 1996, ndilo la kwanza katika matoleo yake rasmi kuweza kuongoza prosesa zaidi ya moja. Dawa iliyotumika mwanzoni ilikuwa ile ya kwanza, yaani kufuli moja kubwa kwa kiini kizima. Kadiri miaka ilivyopita kazi ziligawanywa na kufuli ndogo ndogo zikachukua mahali pake, hata kufuli lile kubwa likaondolewa kabisa mwaka 2011.

Msomaji aweza kuuliza: je, kungoja kufuli ndiyo hasara pekee? La. Kila prosesa ina kumbukumbu ndogo ya karibu, ambamo huweka nakala ya yale inayoyatumia sana. Kuchukua kitu humo huchukua nanosekunde chache, ilhali kukifuata katika kumbukumbu kuu huweza kuchukua kadiri ya nanosekunde mia moja. Kumbukumbu ya karibu huchukua data kwa mafungu, na katika prosesa nyingi fungu moja ni baiti 64. Prosesa moja inapoandika katika fungu, nakala zilizo kwa wengine hubatilika. Kwa hiyo hesabu moja inayoandikwa na prosesa nane husafirishwa huku na huko, kama daftari linalorushwa kutoka meza hadi meza. Kila prosesa ikiwa na hesabu yake, katika fungu lake yenyewe, safari hizo hukoma.

Ndiyo maana kiini huipa kila prosesa madaftari yake. Yamo madaftari ya hesabu za ujumbe ulioingia na kutoka, orodha ya kazi zinazongoja zamu kwenye prosesa ile, na akiba ndogo ya kurasa za kumbukumbu zilizo tupu, ili prosesa isilazimike kwenda ghala kuu kila inapohitaji ukurasa mmoja. Gharama yake ni nafasi. Prosesa zikiwa nane, madaftari huwa nane. Tena jumla inayopatikana wakati kazi inaendelea ni ya kukadiria, maana msimamizi anapojumlisha daftari la nne, karani wa kwanza amekwisha kuongeza gunia jingine.

Jina moja, mahali pengi

Hapa linazuka swali la hesabu. Programu ya kiini imeandikwa mara moja tu, na prosesa zote huitekeleza ile ile. Ikiwa amri ni moja, kila prosesa itajuaje daftari lililo lake?

Jibu ni kujumlisha. Programu inapotengenezwa, huandaliwa daftari moja la mfano, ambalo tutaliita kigezo. Kila kitu ndani ya kigezo kina anwani yake. Kisha kwa kila prosesa hutengwa eneo katika kumbukumbu, na kigezo hunakiliwa humo. Tofauti kati ya mwanzo wa eneo na mwanzo wa kigezo huitwa umbali. Kila prosesa huweka umbali wake katika rejista, yaani kisanduku kidogo cha kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa yenyewe, ambacho prosesa nyingine haiwezi kukigusa.

Tuseme kigezo kinaanza katika anwani 5,000, na kisanduku cha hesabu ndani yake kiko katika anwani 5,040. Prosesa ni nne, nazo kwa desturi huhesabiwa kuanzia sifuri:

Prosesa 0: eneo laanza 20,000, umbali 15,000, hesabu iko 20,040.
Prosesa 1: eneo laanza 30,000, umbali 25,000, hesabu iko 30,040.
Prosesa 2: eneo laanza 40,000, umbali 35,000, hesabu iko 40,040.
Prosesa 3: eneo laanza 50,000, umbali 45,000, hesabu iko 50,040.

Amri ni moja tu: «Chukua 5,040, ongeza umbali ulio katika rejista yako, kisha ongeza moja katika kisanduku utakachokikuta». Prosesa 2 ikitekeleza amri hiyo itafika 40,040, na Prosesa 3 itafika 50,040. Hakuna inayouliza njia, wala hakuna inayomngoja mwenziwe.

Iko hadhari moja. Kiini huweza kuihamisha kazi kutoka prosesa moja hadi nyingine. Kazi ikisoma hesabu ikiwa kwenye Prosesa 1, ikahamishwa, kisha ikaandika jibu ikiwa kwenye Prosesa 2, itakuwa imeharibu daftari la watu. Kwa sababu hiyo, pale inapohitajika, kiini hukataza uhamisho kwa muda mfupi mpaka maandishi yakamilike.

Kuku na yai

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba madaftari yapo tayari. Lakini mashine inapowashwa hakuna eneo hata moja lililotengwa. Ili kutenga maeneo, yahitajika kumbukumbu, na mgawaji wa kumbukumbu ndiye mwenye kazi hiyo. Lakini mgawaji mwenyewe, kama tulivyoona, huweka akiba ya kurasa katika eneo la kila prosesa. Basi maeneo yanamhitaji mgawaji, na mgawaji anayahitaji maeneo. Ni kisa cha kuku na yai.

Wazee wa Ufipa walikabili jambo la jinsi hii katika kazi ya chuma. Tanuru lao kubwa, liitwalo ilungu, lilisimama kwa kimo cha kadiri ya mita tatu na kuwaka kwa upepo wenyewe uliovutwa na joto, bila mivukuto. Lakini ilungu halikutoa jembe. Lilitoa chuma kichafu tu, ambacho kilipelekwa katika tanuru dogo la mivukuto, kintengwe, kikasafishwa huko kabla ya kufuliwa. Hatua ya kwanza haikutakiwa iwe safi. Ilitakiwa iwezekane bila kutegemea hatua ya pili.

Kiini cha Linux nacho hufanya hivyo. Huanza na mgawaji wa muda, ambaye ni orodha fupi tu ya sehemu za kumbukumbu zilizopo na sehemu zilizokwisha kuchukuliwa. Mgawaji huyu si mwepesi wala si hodari, lakini hahitaji daftari la prosesa yoyote. Yeye ndiye hutoa nafasi ya maeneo. Maeneo yakiisha kuwa tayari, mgawaji wa kudumu huweza kuanza.

Utaratibu wenyewe

Tufuate sasa hatua moja moja, kama zinavyofanyika katika simu au kompyuta yenye prosesa ya aina ya ARM ya biti 64.

1. Prosesa moja tu huamka na kuanza kutekeleza kiini. Nyingine zote husubiri. Vikatizo, yaani ishara za vifaa zinazoweza kuidakiza prosesa, huzimwa.

2. Umbali katika rejista ya prosesa hiyo hufanywa sifuri. Msomaji na aangalie ujanja uliomo humu: 5,040 ukiongeza sifuri ni 5,040, yaani kigezo chenyewe. Hivyo prosesa ya kwanza huandika kwa muda katika daftari la mfano.

3. Kiini husoma maelezo ya vifaa ili kujua kumbukumbu ni kiasi gani na prosesa zinazoweza kuwapo ni ngapi.

4. Mgawaji wa muda hutoa nafasi kwa kila prosesa. Kigezo hunakiliwa katika kila eneo, na umbali wa kila eneo huandikwa katika orodha.

5. Prosesa ya kwanza huchukua umbali wake kutoka katika orodha na kuuweka katika rejista. Tangu hapo imeacha kigezo na kuhamia katika eneo lake.

6. Mgawaji wa kudumu wa kumbukumbu huanza, kisha mpangaji wa zamu za kazi. Wote wawili hutegemea maeneo yale.

7. Baadaye prosesa nyingine huamshwa moja baada ya moja. Kila moja hupewa umbali wake mwanzoni kabisa, kabla haijagusa daftari lolote.

8. Mwishoni, nafasi ya kigezo hurudishwa itumike kwa mambo mengine, maana kazi yake imekwisha.

Utaratibu ukivunjwa

Thamani ya hatua hizi huonekana zinapopinduliwa. Tuanze na hatua ya pili. Mashine inapowashwa, rejista huweza kuwa na tarakimu yoyote. Ikiwa prosesa itagusa daftari kabla umbali haujafanywa sifuri, itajumlisha tarakimu hiyo isiyojulikana na kwenda kusoma mahali pasipokuwapo. Hili si la kubuni tu. Katika programu ya Linux kwa ajili ya ARM ya biti 64 waliwahi kuongeza mstari mmoja unaosafisha rejista mapema, na maelezo waliyoyaandika kando yake yalisema kwamba shabaha ni kuepuka kukwama. Kilichokuwa kikigusa daftari mapema mno ni sehemu ya kiini inayokagua matumizi ya kufuli, yaani mkaguzi mwenyewe alikuwa amefika kazini kabla ya meza kuwekwa.

Kwa nini basi kiini kisiandike kiooni kwamba kimekosea? Kwa sababu hata programu inayoandika ujumbe wa makosa hutumia kufuli na madaftari hayo hayo. Kinywa kinachopaswa kulalamika hakijafunguliwa. Ndiyo maana kosa la mapema hivi huonekana kama ukimya mtupu.

Sasa tutazame hatua ya nne na ya tano. Tuseme kabla ya kunakili, prosesa ya kwanza imehesabu mambo 7, na kuandika 7 katika anwani 5,040 ya kigezo. Kigezo kikinakiliwa mara nne, kila eneo litaanza na 7, na atakayejumlisha atapata 28. Mambo yalikuwa 7 tu. Kinyume chake, prosesa ikiandika katika kigezo baada ya kunakili lakini kabla ya kubadili rejista, maandishi hayo hubaki katika kigezo na hupotea kabisa. Kwa sababu hiyo waandishi wa kiini hujitahidi kuandika machache mno katika kigezo, na kuacha nafasi fupi iwezekanavyo kati ya hatua hizo mbili.

Kosa la mwisho ni la kuchelewa. Sehemu fulani ya programu ikiweka akilini anwani ya kigezo, kisha ikaitumia baada ya hatua ya nane, itakuwa inaandika katika nafasi iliyokwisha kupewa mwingine. Uharibifu utaonekana mahali pengine kabisa, saa nyingine kabisa, na anayeutafuta ataanza kumshuku asiyehusika.

Jaribio la darasani

Walimu waweza kuonyesha mambo haya bila kompyuta wala umeme. Zahitajika punje mia moja za mahindi, ubao, na wanafunzi wanne.

Jaribio la kwanza: mwalimu aandike 0 ubaoni. Kila mwanafunzi atazame hesabu iliyoko ubaoni, arudi mezani kuchukua punje moja na kuitia katika chombo chake, kisha aende ubaoni, afute, na aandike ile hesabu aliyoitazama pamoja na moja. Wote wafanye kazi kwa wakati mmoja. Punje zikiisha, hesabu ya ubaoni ilinganishwe na mia moja.

Jaribio la pili: yarudiwe yale yale, lakini anayekwenda kutazama ubao ashike kwanza kipande cha mti, na asiwepo mwingine wa kutazama mpaka mwenye kijiti amalize kuandika. Mwalimu apime muda.

Jaribio la tatu: kila mwanafunzi apewe karatasi yake, na jumla itafutwe mwishoni. Muda upimwe tena, na majaribio yote matatu yalinganishwe kwa usahihi na kwa upesi.

Maswali ya kuzingatia

1. Kigezo kinaanza katika anwani 8,000, na kisanduku cha hesabu kiko 8,024. Eneo la Prosesa 5 linaanza 61,000. Umbali wake ni kiasi gani, na hesabu yake iko katika anwani ipi?

2. Kila eneo lina baiti 65,536. Simu yenye prosesa nane itatumia baiti ngapi kwa maeneo yote?

3. Kwa nini haifai kuamsha prosesa zote kwa pamoja kabla ya hatua ya nne?

Hitimisho

Jina la Sumbawanga hufasiriwa na wenyeji wake kuwa ni «tupa uchawi». Ni shauri jema kwa mwanafunzi wa mashine hizi. Kosa linalotokea leo na kesho lisitokee, gunia linalopotea pasipo mwizi, na kioo kinachobaki cheusi asubuhi moja tu katika nyingi, vyote vina sababu inayoweza kuandikwa kwa hatua na kuhesabiwa kwa tarakimu. Mara nyingi sababu hiyo ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa: mtu fulani alianza kuandika kabla hajapewa daftari lake.